Mrija mmoja umetolewa: je, nitazaa?

Safu ya mwezi huu tumeiachia barua za aina moja: za wanawake, na mwanamume mmoja, ambao wamepitia mimba kutunga nje ya kizazi na sasa wanawaza mtoto. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Swali: Shikamooni madaktari. Nina miaka 29, naishi Morogoro. Miezi miwili iliyopita nilikimbizwa hospitali usiku nikiwa nimezimia, nikafanyiwa upasuaji wa tumbo. Mimba ilitunga kwenye mrija wa uzazi wa kulia, mrija ukapasuka, wakautoa. Sina mtoto. Mama mkwe anasema nimebaki nusu, kwamba sasa nitaweza kushika mimba mwezi mmoja, unaofuata hapana. Ni kweli? Na nianze lini kutafuta?

Jibu: Marahaba mwanetu, na pole sana. Umepoteza ujauzito na umenusurika kifo usiku uleule. Ukilia, lia, hakuna anayekudai ujikaze.

Hujabaki nusu. Hesabu ya mama mkwe imejengwa juu ya mambo mawili yasiyo sahihi. La kwanza ni kwamba ovari hupokezana zamu, kulia mwezi huu, kushoto mwezi ujao. Hazina utaratibu huo. Ovari moja inaweza kutoa yai miezi miwili mitatu mfululizo. La pili ni kwamba kila mrija umeungwa na ovari yake kama bomba na tangi. Haukuungwa hivyo. Mdomo wa mrija uko wazi, una ncha mfano wa vidole, nao hucheza nyuma ya kizazi ukipapasa huku na kule. Yai lililotoka ovari ya kulia linaweza kudakwa na mrija wa kushoto. Wapo wanawake waliobaki na mrija upande mmoja na ovari upande mwingine, na wakazaa.

Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani, majibu yake yakatolewa 2014, ulifuatilia wanawake 446 waliotunga mimba kwenye mrija mmoja huku wa pili ukionekana mzima. Baadhi walitolewa mrija mzima. Wengine mrija ulichanwa, mimba ikatolewa, mrija ukaachwa mahali pake. Katika miezi 36 iliyofuata, waliopata mimba wenyewe ikaendelea walikuwa kama 56 kwa kila 100 kwa waliotolewa mrija, na kama 61 kwa walioachiwa. Kitakwimu tofauti hiyo haihesabiki. Tena walioachiwa mrija, 7 kati ya 100 walibaki na mabaki ya mimba yaliyohitaji tiba nyingine. Kwa hiyo usiendelee kujiuliza kwa nini daktari hakuuokoa ule wa kulia. Mrija uliopasuka na unaovuja damu hauna kazi tena, na kuutoa ndiko kulikokuokoa.

Lakini rudi kwenye yale maneno "wa pili ukionekana mzima". Hapo ndipo penye jibu lako. Cha kuuliza si mrija uliotolewa, bali uliobaki ukoje. Na yupo mtu aliyeuona kwa macho: daktari aliyekufungua tumbo. Rudi hospitali uombe taarifa ya upasuaji, usome au usomewe sehemu inayoeleza mrija wa kushoto. Je, ulionekana wa kawaida? Ulikuwa umevimba au kujaa maji? Kulikuwa na makovu yaliyogandanisha mrija, ovari na utumbo? Mtu akiondoka hospitali na maneno "tumetoa mrija" pekee, ameacha huko habari anayoihitaji kuliko zote. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, maana faili hupotea.

Uanze lini? Kidonda cha upasuaji wa kufungua tumbo kinahitaji kama wiki 6. Wengi tunawaambia wasubiri hedhi mbili kamili, ili mwili upumzike na ili mimba ijayo iweze kuhesabiwa wiki zake vizuri. Damu iliyotoka siku za mwanzo baada ya upasuaji si hedhi, usiihesabu. Hedhi ya kweli huja kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6, na yai hutangulia, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla hujaiona hedhi yoyote. Tumieni kondomu mpaka mtakapokuwa tayari.

Katika kipindi hicho shughulikia damu. Mrija ukipasuka, damu nyingi humwagikia tumboni, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa bado wana upungufu. Pima kiwango cha damu. Kikiwa chini, meza vidonge vya madini ya chuma kila siku, na uendelee navyo miezi 3 baada ya kiwango kurudi sawa, kwa sababu akiba ya mwili hujaa mwisho. Usiviteremshe kwa chai! Chai huyashika madini hayo yasifyonzwe. Iache mbali na kidonge kwa saa moja au mbili. Maji yenye ndimu au chungwa husaidia.

Anza pia foliki (vitamini ya asidi ya foliki) miligramu 0.4 kwa siku, kabla ya kuanza kutafuta na mpaka wiki 12 za ujauzito. Maduka mengi ya dawa yana kidonge cha miligramu 5. Hicho ni cha wanaokihitaji zaidi, kama mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa, kwa ushauri wa daktari.

Angalia na kundi lako la damu. Likiwa hasi, ulipaswa kuchomwa sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72 tangu upasuaji; inaweza kusaidia kidogo hata mpaka siku ya 10. Kama muda umepita, mwambie mkunga mapema kwenye mimba ijayo ili damu yako ichunguzwe.

Mkishaanza, kutaneni kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, mbegu huweza kusubiri mpaka siku 5, kwa hiyo kukutana mara kwa mara kunashinda kuhesabu siku kwa wasiwasi.

Swali: Hamjambo? Naandika kutoka Kisauni, Mombasa. Mimba yangu iligunduliwa mapema, nikadungwa methotreksati, sikupasuliwa. Sasa ni wiki ya tano na nikipima mkojo bado naona mistari miwili. Shangazi ananiambia hiyo ni dawa ya saratani na itanikausha mayai. Nimeanza kumeza foliki ili nirudi haraka kwenye hali yangu.

Jibu: Hatujambo dada. Foliki iache leo hii, mpaka daktari wako akuambie homoni ya mimba kwenye damu imeisha. Methotreksati hufanya kazi kwa kuinyima mimba foliki ili seli zake zisigawanyike. Ukiimeza wakati huu unailisha mimba ile ile ambayo dawa inaishindisha njaa.

Shangazi hakukosea kwamba dawa hiyo hutibu saratani, ila kipimo ni tofauti. Kwa mimba ya mrija hutolewa miligramu 50 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, mara moja, kwa wachache mara mbili. Mwanamke mwenye eneo la mita 1.7 hupata miligramu 85. Kwa kiasi hicho haijaonekana kupunguza akiba ya mayai. Utafiti wa Ufaransa wa 2013 ulikuta kwamba miaka miwili baada ya tiba, 67 kati ya kila 100 waliodungwa sindano walikuwa wamepata mimba ndani ya kizazi. Kwa waliopasuliwa na kuachiwa mrija walikuwa 71. Kwa lugha nyingine, njia ya tiba haikubadilisha sana mwisho wa safari.

Kuhusu mistari miwili: kipimo cha mkojo hakifai katika hali yako. Huonyesha kwamba homoni ya mimba, hCG, ipo, hakionyeshi kama inashuka. Unachohitaji ni hCG ya damu yenye tarakimu. Hupimwa siku ya 4 na siku ya 7 baada ya sindano, na kati ya siku hizo mbili inatakiwa iwe imeshuka kwa asilimia 15 au zaidi. Siku ya 4 inaweza hata kupanda, hilo halitishi. Baadaye hupimwa kila wiki mpaka iwe chini ya 5. Wengine humaliza kwa wiki 3, wengine huchukua wiki 6 hadi 8 hasa kama namba ya mwanzo ilikuwa kubwa. Wiki ya tano basi si ajabu, ila kama hujapimwa damu tangu wiki ya pili, nenda kesho. Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: mama anajisikia vizuri, nauli inambana, anaacha kurudi. Mrija unaweza kupasuka hata namba inaposhuka.

Mpaka hCG iishe, usinywe pombe, na maumivu yatulize kwa paracetamol, si ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu hizo huzuia figo kuitoa methotreksati mwilini. Tendo la ndoa lisubiri. Jikinge na jua kali, maana ngozi huungua upesi. Maumivu ya tumbo kati ya siku ya 3 na ya 7 huwapata wengi, lakini yakizidi au yakija na kizunguzungu, usikae nyumbani kuyapima.

Baada ya sindano subiri miezi 3 kabla ya kutafuta mimba. Dawa hukaa ndani ya seli muda mrefu baada ya damu kuonekana safi, na inaweza kumdhuru mtoto anayejiumba. hCG ikishaisha ndipo urudie foliki, uijaze akiba iliyotumika. Na akiwapo msomaji aliyeshika mimba kabla ya miezi hiyo kutimia, asikimbilie kuitoa kwa hofu. Wengi wao hujifungua watoto wazima. Amweleze daktari, aanze foliki, na afanyiwe altrasaundi ya kina ya mtoto kati ya wiki 18 na 22.

Swali: Mimi ni mume, naishi Dodoma. Mke wangu alipata mimba nje ya kizazi mwaka jana. Nesi alituambia chanzo ni magonjwa ya zinaa. Tangu hapo nyumba haina amani. Je, ni mimi niliyempa? Au ni yeye?

Jibu: Ndugu yetu, umefanya vyema kuuliza badala ya kununa. Karibu nusu ya wanawake wanaopata mimba ya mrija hawana sababu yoyote inayojulikana. Sababu nyingine ni upasuaji wa tumbo wa zamani, kidole tumbo kilichopasuka, uvutaji sigara, na umri. Maambukizi yapo kwenye orodha, tena juu, hasa klamidia na kisonono. Ila klamidia hukaa kimya kwa mwanamke na kwa mwanamume pia, miezi au miaka, na kovu kwenye mrija linaweza kuwa la zamani kuliko ndoa yenu. Hakuna kipimo kitakachowaambia nani alianza. Acheni kukitafuta.

Kilicho mikononi mwenu ni kupimwa wote wawili siku moja. Akikutwa mmoja, mnatibiwa wote, mnamaliza dozi, na hamkutani mpaka siku 7 zipite baada ya tiba. Mume akikataa dawa kwa kuwa "sina dalili", mke huambukizwa upya, na mrija uliobaki ndio unaolipa. Hili tunalisema kwa uchungu kwa sababu linazuilika.

Wewe pia pima mbegu mapema. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa mfukoni karibu na mwili isipoe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, ujazo usiwe chini ya mililita 1.4, mbegu zisipungue milioni 16 kwa mililita, na zinazotembea ziwe angalau asilimia 42. Majibu yakiwa chini, rudia baada ya miezi 3, kwani mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa. Tumeona wanawake wakipigwa picha za mirija mara mbili tatu kabla mume hajatoa sampuli moja.

Mkishatafuta mwaka mzima bila mafanikio, au miezi 6 kama mke ana miaka 35 na kuendelea, nendeni kwa mtaalamu. Hapo ndipo kipimo cha HSG, yaani picha ya eksirei ya mirija, kinapoingia. Hufanywa hedhi ikishakatika, mara nyingi siku ya 7 hadi ya 10, na msiwe mmekutana tangu hedhi ianze. Ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla hupunguza maumivu. Jibu la "mrija umeziba" karibu na kizazi wakati mwingine ni misuli iliyojikaza tu dawa ilipoingia; ombeni kirudiwe kabla ya kukata tamaa.

Swali: Nauziwa dawa za asili za kuzibua mirija, chupa tatu. Zinasaidia? (Temeke)

Jibu: Hapana. Dawa unayokunywa huenda tumboni na kwenye utumbo. Haina njia ya kumiminika moja kwa moja na kuuzibua mrija wa uzazi, ambao mahali pake pembamba uwazi wake ni kama milimita moja. Na tatizo mara nyingi si uchafu ulioziba njia. Ndani ya mrija mna vinyweleo vinavyopiga kama shamba la mpunga upepo ukipita, ndivyo vinavyolisukuma yai kuelekea kizazini. Maambukizi huviua, na mara nyingi havioti tena. Ndiyo maana mrija unaweza kuonekana wazi kwenye HSG na bado mimba ikakwama humo. Kujifukiza na kujisafisha ndani ya uke kwa maji ya dawa ni vibaya zaidi, kwani kujisafisha huko huhusishwa na maambukizi ya nyonga. Fedha ya chupa tatu itumie kupima.

Swali: Sitaki mtoto sasa. Niliwahi kupata mimba ya mrija. Naruhusiwa kitanzi?

Jibu: Unaruhusiwa, na kijiti vilevile. Mwenye kitanzi ana nafasi ndogo ya kupata mimba yoyote, ya mrija ikiwemo, kuliko asiyetumia kitu. Ila mara chache kinaposhindwa, mimba hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa nje ya kizazi. Ukikosa hedhi na una kitanzi, pima siku hiyo.

Swali: Nimepoteza mirija yote miwili, miaka minne imepishana. Nimekwisha? (Mwanza)

Jibu: Kwa njia ya kawaida mimba haitatunga, na ni afadhali tukuambie wazi kuliko uendelee kununua matumaini. Lakini kizazi kipo, ovari zipo, na upandikizaji uliobuniwa kwanza kwa ajili ya wenye tatizo la mirija ndio huo wa yai kurutubishwa maabara na kurudishwa kizazini. Fikiri kwamba mimba ya mwanzo ya aina hiyo iliyoripotiwa Uingereza, 1976, yenyewe ilitunga kwenye mrija ikapotea; miaka miwili baadaye, 25 Julai 1978, akazaliwa Louise Brown, ambaye mama yake mirija ilikuwa imeziba. Kwako kuna hata unafuu mmoja: mrija uliojaa maji hupunguza mafanikio ya upandikizaji karibu kwa nusu, na wenye mirija hiyo hushauriwa itolewe kwanza. Yako imeshatoka. Gharama ni kubwa na mafanikio hushuka kadiri umri unavyopanda, kwa hiyo kituo ukitafute sasa, uulize bei ya mzunguko mmoja ikiwa pamoja na dawa.

Swali: Mwaka juzi nilitolewa mrija. Leo nimepitisha siku 5 na mkojo umeonyesha mistari miwili. Kliniki ya wajawazito wananiambia nirudi mimba ikifika mwezi wa tatu. Nisubiri?

Jibu: Dada, usisubiri. Huyu tulimjibu siku hiyohiyo, na jibu tunalichapisha kwa ajili ya wote.

Aliyewahi kupata mimba ya mrija mara moja ana uwezekano wa kama 1 kati ya 10 wa kuipata tena. Mara mbili, hufika robo au zaidi. Maana yake 9 kati ya 10 hutunga mahali pake, ila hakuna anayeweza kujua wewe ni yupi bila kutazama.

Wiki hii pima hCG ya damu, kisha rudia baada ya saa 48 maabara ileile, kwani mashine mbili hutoa namba mbili. Mimba changa yenye afya hupandisha namba kwa karibu nusu au zaidi ndani ya saa hizo. Ikipanda kidogo tu, au ikisimama, mweleze daktari siku hiyo. Namba ikipanda vizuri haimaanishi mimba iko kizazini, kwa hiyo picha haikwepeki.

Altrasaundi ifanywe wiki ya 6 kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na iwe ya kupitia ukeni. Ya juu ya tumbo mapema hivyo huona kidogo, na hapa ndipo mambo huharibika: mama anapimwa juu ya tumbo wiki ya 5, anaambiwa "mimba bado changa, rudi baada ya mwezi", naye anarudi amebebwa. Anayekupima mwambie mwanzoni kabisa: "Niliwahi kupata mimba ya mrija." Kisha muulize, umeona kifuko ndani ya kizazi, na ndani yake kuna kiini au mtoto? Kifuko kitupu hakitoshi, kwa sababu kizazi huweza kukusanya majimaji yanayofanana nacho mimba ikiwa kwenye mrija. hCG ikishavuka 3,500 na kizazi bado kionekane kitupu, hiyo ni mimba ya nje mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mpaka picha ioneshe mtoto kizazini, usisafiri mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Weka kadi ya kundi la damu, karatasi ya upasuaji wa zamani na nauli ya usiku mahali pamoja, na mwenzako ajue vilipo. Maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, matone ya damu nyeusi, kutaka kwenda haja kubwa bila kutoka kitu, au maumivu ya ncha ya bega ukijilaza, hayo ya bega yakiwa ni damu iliyofika chini ya kiwambo cha kupumulia: lolote kati ya hayo, ondoka muda huohuo, usile wala usinywe njiani kwa sababu huenda ukapasuliwa, na ukifika mapokezi usikae kwenye foleni.